Maiki inapiga shoti kwenye 7 MHz: choki (ya kuzuia mkondo unaopita nje ya kebo) niiweke wapi?

Waya_Mrefu
Wakuu, antena ni waya mmoja wa mita 20 unaolishwa mwishoni kupitia transfoma ya 49:1, kisha mita 12 za kebo ya koaksi RG-58 hadi redio iliyo ghorofani. Wati 100. SWR (kipimo cha nguvu inayorudi kutoka antena) ni 1.4 lakini kebo ikishikwa inabadilika, maiki inapiga shoti mdomoni na spika za kompyuta zinanguruma. Feraiti tano (vipande vya sumaku vya kubana kwenye kebo) nyuma ya redio hazijasaidia kitu.

Fundi_Koaksi
Mkondo unaoingia kwenye waya lazima upate mwenzake upande wa pili wa transfoma. Hapo hujaweka kitu, kwa hiyo uso wa nje wa wavu wa koaksi (waya zilizosukwa kuzunguka ule wa kati) umeshika nafasi hiyo, na redio yako nayo imekuwa antena.

Feraiti za kubana kebo inapita mara moja tu. Kwa 7 MHz kila moja inakupa makumi ya omu. Ukizungusha kebo kwenye ringi, kizuizi kwa mkondo huo kinapanda kwa mraba wa mizunguko, mpaka kapasitansi kati ya mizunguko ianze kukirudisha chini. Tafuta ringi ya feraiti FT240-31, zungusha RG-58 mara 12: hiyo ndiyo choki. Kebo itakayoliwa ni kama mita moja. Usiikaze sana kwenye kona za ringi, waya wa kati utahama kuelekea wavu.

Pwani_HF
Ila choki hiyo usiibandike kwenye transfoma kama ilivyo sasa. Utakuwa umeziba njia pekee ya kurudi mkondo, na SWR itavurugika. Funga kwanza waya wa mita 2 kwenye skrubu ya ardhi ya transfoma (ni 0.05 ya urefu wa wimbi), ndipo choki ifuate. Au acha mita 2 za mwanzo za koaksi zifanye kazi hiyo, choki ije baadaye. Choki ya pili iweke kebo inapoingia nyumbani, maana kebo ikienda sambamba na antena inaokota upya.

Waya_Mrefu
Ringi za njano kutoka pawasapulai za kompyuta zinafaa? Na nikichimbia fimbo ya ardhi?

Fundi_Koaksi
Za njano ni unga wa chuma, achana nazo. Ringi usiyoijua ipime kwa NanoVNA (kipimo kidogo cha antena na saketi): unganisha wavu peke yake, mwanzo hadi mwisho wa choki, kati ya milango miwili. S21 (kiasi kinachopita kutoka mlango mmoja hadi wa pili) ya −30 dB ni karibu omu 3000, −34 ni karibu 5000. Chini ya −20 haifai. Choki ikipata moto ukirusha FT8 (ujumbe wa kidijitali unaorushwa kwa nguvu bila kupumzika), kizuizi ni kidogo: ongeza choki nyingine mfululizo, usipunguze mizunguko.

Fimbo ni ya radi. Waya wa mita 10 kutoka ghorofani hadi ardhini ni robo ya wimbi kwa 7 MHz, kwa hiyo huko juu redio haioni ardhi yoyote.