Laini mbili kosti sawa, bakapu inang'ang'ania moja

fundi_chumbageni: Wakuu habari za jioni, nina ruta ya Cisco hapa Chumbageni na nyingine iko bohari Raskazone, katikati laini mbili za redio megabiti 50 kila moja. OSPF (ile inayozipa ruta njia za kupita) ipo, amri ya show ip route inaonyesha njia zote mbili kosti sawa. Mchana watu wakiwa kazini zinagawana fresh tu, ila bakapu ya usiku seva kwa seva inajaza laini moja mpaka basi, ya pili imelala. Shida nini?

ngalawa_net: Weka ip load-sharing per-packet kwenye intafesi zote mbili zinazotoka, ruta zote. Pakiti (kipande cha data) moja huku, nyingine kule. Kwisha habari.

mama_swichi: Weee ngoja kwanza! Redio mbili hazicheleweshi sawasawa, pakiti ya tano itafika kabla ya ya nne, TCP, inayosimamia data ifike kwa mpangilio, itadhani imepotea itapunguza mwendo, na kama simu za ofisi zinapita humohumo sauti zitakatakata mpaka bosi akutafute. Usipobadilisha kitu, CEF, yaani sehemu ya ruta ya Cisco inayoamua pakiti itoke wapi, inapiga hesabu kwa IP ya anayetuma na ya anayepokea, jozi ikiangukia laini A inabaki laini A. Mchana una jozi kibao ndo maana zinagawana, bakapu yako ni jozi moja tu. Piga show ip cef exact-route ikifuatiwa na IP za seva zako mbili, itakutajia intafesi.

fundi_chumbageni: Daah kweli dada, imetaja ileile moja. Sasa nafanyaje?

mama_swichi: Kama IOS yako (programu ya ruta ya Cisco) inayo, kwenye konfigi ya jumla andika ip cef load-sharing algorithm include-ports source destination, hapo namba za poti, zinazotofautisha koneksheni, nazo zinaingia kwenye hesabu. Lakini programu ya bakapu lazima ifungue koneksheni kadhaa kwa pamoja, ikiwa moja hata ufanyeje inapita laini moja. Na anza na ruta ya upande unaotuma data, yenyewe ndo inaamua.

ngalawa_net: Per-packet mimi nilipiga kwenye faiba mbili zinazofanana, ila kwa redio sikubishii.

kijana_ngamiani: Samahani nadandia, mimi nina intaneti ya kampuni mbili tofauti, per-packet si itafaa?

mama_swichi: Hapana mdogo wangu. NAT, inayogeuza IP za ndani kuwa za nje, itakupa IP mbili za nje, koneksheni moja ikitokea kwenye IP mbili upande wa pili hawakuelewi, kurasa hazifunguki. Baki na per-destination, ile ya jozi moja laini moja.