Mada: Dola 2,320 za mkono wa fundi kwa kamshafti moja?

Kutoka: Baba Mapacha, Fort Worth

Jambo yenu, wakubwa na wadogo wa Lubumbashi popote mlipo.

Nina pikapu ya Silverado ya 2010, injini ya V8 (silinda nane) lita 5.3. Ndiyo inayotulisha: katikati ya wiki inavuta trela ya mashine za kukata majani, Jumamosi inahamisha watu wanaobadilisha nyumba, Jumapili inabeba vyombo vya kwaya. Tangu mwezi uliopita kila asubuhi inagonga tik-tik-tik kama cherehani ya marehemu mama kule Kenya (komini yetu, si nchi), na taa ya injini imewaka. Garaji ya kwanza walifungua kifuniko cha juu, wakaona vali moja haishuki kama wenzake. Wakasema tapeti (kile kipande kidogo kinachosukumwa ili vali ifunguke) imekufa na imeila kamshafti, ule mhimili unaozunguka na kufungua vali.

Garaji ya pili kijana akaniambia: mzee, ikiwa tunafungua vyote hivi, kwa nini tusiweke kamshafti ya nguvu? Nikamwambia aniandikie bei. Kamshafti dola 420. Vipuri vyote pamoja na hiyo kamshafti, 1,450. Kupanga upya kompyuta ya gari, 500. Mkono wa fundi, yaani malipo ya kazi yake, saa 16 kwa dola 145 kila saa, jumla 2,320. Nilifikiri kidole kimeteleza kwenye mashine yake.

Wanaojua motokari, naibiwa au siibiwi? Na hiyo kamshafti ya nguvu ni ya mtu kama mimi?

Kutoka: Mtoto wa Katuba, Louisville

Mdogo wangu, hujaibiwa. Huu ni mwaka wa saba nafanya kazi garaji, na hizi 5.3 zenye ugonjwa huo huo zinaingia kwetu kila mwezi.

Kamshafti yenyewe inatoka kwa dakika chache. Kinachokula saa ni kuifikia. Kwenye injini yako imelala katikati ya bloku, juu ya krankshafti (mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni), na inatokea mbele. Kwa hiyo maji yanamwagwa, rejeta inatoka na feni zake, mikanda inatoka, pampu ya maji inatoka. Kisha puli ya mbele ya krankshafti, ambayo imebanwa sana na haitoki bila kifaa chake cha kuivuta. Boliti ya puli hiyo hairudishwi: ikikazwa mara moja imekwisha kuvutika, unanunua nyingine. Nyuma ya puli kuna kifuniko cha mbele, halafu mnyororo wa taimingi unaozungusha kamshafti, na hapo ndipo unaona uso wa kamshafti.

Injini ya aina hiyo ya miaka ya nyuma ingeishia hapo. Fundi anazungusha kamshafti, tapeti zinapanda na kushikwa juu na vishikio vyake vya plastiki, anavuta ya zamani, anasukuma mpya. Saa 8 mpaka 10, basi. Yako lakini ina ule mfumo wa kubana matumizi ya mafuta: ukitembea mwendo mpole barabara kuu, silinda 1, 4, 6 na 7 zinalala, V8 inabaki V4. Tapeti za silinda hizo nne zina vipini vidogo ndani, na ndizo zinazokufa. Na tapeti haitoki mpaka silinda hedi, kile kichwa cha injini, itoke. Hesabu sasa: hedi mbili, bomba za ekzosi, manifoldi ya hewa, gasketi, boliti mpya za hedi. Hapo ndipo 8 inageuka 16. Mtu akikupa bei ya saa 9 kwa motokari yako, muulize tapeti atazitoa kupitia wapi.

Jambo jingine ambalo sisi tuliotoka nyumbani tunachelewa kulielewa: saa za garaji za Marekani si saa za ukutani. Kuna kitabu, siku hizi ni programu, kinachosema kazi fulani ni saa ngapi. Wanazidisha kwa bei yao ya saa. Nikimaliza kwa saa 11, unalipa 16. Nikikwama siku mbili na boliti ya ekzosi iliyokatikia ndani, unalipa 16 vilevile, isipokuwa karatasi imeandika kwamba boliti iliyokatika ni malipo ya ziada. Silverado ya 2010 boliti za ekzosi zinakatika. Uliza hilo KABLA ya kutia sahihi. Na usifikiri hizo 145 zinaingia mfukoni mwa fundi. Garaji yetu inatoza 140 kwa saa, mimi naona 34.

Kuhusu kamshafti ya nguvu: mkono ni uleule. Kuingiza ya nguvu au ya kawaida, saa haziongezeki. Ndiyo maana kijana alikushauri, na hakukosea. Tofauti iko pembeni. Kamshafti inayoinua vali juu zaidi inataka springi kali zaidi, na kwa kuwa hedi zitakuwa mezani, kubadilisha springi ni kazi ndogo leo. Ukiahirisha utailipia siku nyingine peke yake. Fimbo zinazosukuma vali zipimwe urefu, zisikisiwe. Na kompyuta lazima ipangwe upya hata ukirudisha kamshafti ya kawaida isiyo na ule mfumo wa kulaza silinda, la sivyo itaendelea kuamuru silinda zilale wakati tapeti za kulalia hazipo tena.

Ila chagua ndogo. Zile zinazonguruma duk-duk-duk kwenye taa nyekundu, vijana wanazipenda, nguvu yake iko juu, mizunguko 4,000 ya injini kwa dakika na kuendelea. Wewe na trela yako mnaishi kati ya 1,500 na 3,500. Ukiweka ile kubwa utanyang'anywa nguvu pale pale unapoihitaji, kisha utaambiwa ubadilishe na toki-konveta (kile kinachounganisha injini na giaboksi), na ili ibadilishwe giaboksi inashuka. Falanga nyingine, saa nyingine. Waulize kamshafti ya kuvutia mzigo, inayokubali toki-konveta uliyonayo.

Kutoka: Mjomba wa Kampemba

Nimecheka mpaka mke wangu amekuja kuuliza nani amekufa.

Mimi nilirudi Lubumbashi baada ya miaka 12 Ubelgiji, kwa hiyo nimelipa pande zote mbili. Mwaka jana nilibadilisha kamshafti ya Land Cruiser yangu, moteri ya 1HZ, ile ya dizeli silinda sita. Mkono wa fundi dola 120, nusu mbele, nusu mwisho, pamoja na chakula cha vijana wake wawili. Nilikaa pale pale juu ya bidoni tangu asubuhi, kila boliti ikitoka naiona. Nani angenikataza? Wakihitaji joint (gasketi), natumwa mimi mwenyewe kuitafuta. Huko kwenu nimesikia mwenye motokari anawekwa chumba chenye televisheni na kahawa, haruhusiwi kuvuka mstari wa njano.

Lakini nisimdanganye mtoto. Bei yangu haikuwa ndogo kwa sababu ya umaskini wetu tu. Kwenye 1HZ kamshafti iko juu, chini ya kifuniko. Unatoa kifuniko, unashika mkanda wa taimingi vizuri, unalegeza vishikio, unaibeba mkononi. Rejeta haiguswi, hedi haiguswi. Kazi ngumu ni kupima nafasi ya kila vali baadaye na kutafuta visahani vya unene unaofaa, na hivyo vilinichukua siku nne wakati fundi alichukua siku moja tu, mpaka vingine vikapitia mpakani Kasumbalesa, kutoka Zambia, mfukoni mwa dereva. Kwa hiyo mkono kwetu ni rahisi, piesi ndiyo inayokutoa machozi. Kwenu ni kinyume.

Kutoka: Mama wa Des Moines

Baba Mapacha, mimi sijui vali wala springi, najua karatasi.

Mume wangu naye alikuwa na pikapu ya aina hiyo. Tukampata fundi wa kuja nyumbani, mtu wa kusali naye, akasema dola 900 kazi nzima, anafungulia hapo hapo mbele ya nyumba. Tukashukuru Mungu. Akafanya wiki mbili, majirani wakaanza kulalamika kwa mwenye nyumba. Alipomaliza motokari ilitembea wiki tatu, puli ya mbele ikalegea, mkanda ukaruka, mume wangu akasimama barabarani na theluji. Yaya (mkubwa wetu) wa Louisville amesema habari ya boliti isiyorudishwa. Sisi tulirudishiwa ileile. Na fundi? Simu ikawa inaita tu. Hatukuwa na karatasi hata moja ya kumwonyesha mtu. Garaji ikatutoza upya kufungua mbele yote.

Na kitu kingine. Usinunue vipuri wewe mwenyewe kwenye mtandao kwa kuwa umeona nafuu ya dola 200. Tulifanya hivyo mara nyingine. Garaji nyingi zitakubali kuvifunga, lakini kipuri kikiharibika, utapata kipuri kingine bure na mkono utaulipa mara ya pili. Vikiwa vyao, muulize dhamana ni ya miezi mingapi, na kama inahusu kipuri na mkono au kipuri peke yake.

Kutoka: Jirani wa Arlington

Kwa ufupi, maana niko kazini. Kuanzia Januari 2025 Texas wamefuta ukaguzi wa usalama wa magari ya kawaida, na watu wengi wa kwetu wakadhani ukaguzi wote umekwisha. Hapana. Kaunti 17 bado zinapima moshi, Tarrant yako ikiwemo, na gari la 2010 bado linahusika. Wanachomeka mashine kwenye kompyuta ya gari. Taa ya injini ikiwa imewaka, umeanguka. Na kompyuta ikipangwa upya, kumbukumbu yake ya vipimo inafutika. Ukienda siku hiyo hiyo watakwambia haiko tayari. Itembeze siku kadhaa kwanza, mjini na barabara kuu. Mwambie anayepanga kompyuta mapema kwamba gari lazima lipite kipimo, asizime visivyopaswa kuzimwa ili tu taa isiwake. Ndugu zetu wa California wao ni zaidi: kamshafti isiyo na namba ya kibali cha jimbo haipiti kabisa.

Halafu kodi. Hapa kwetu ni asilimia 8.25, lakini mkono wa kutengeneza gari hautozwi kodi ukiandikwa peke yake kwenye risiti. Angalia karatasi yako.

Kutoka: Baba Mapacha, Fort Worth

Aksanti sana, wote. Mjomba, bidoni hiyo niwekee, nitakuja kuikalia.

Jirani, nilipoangalia karatasi niliona walikuwa wamepiga kodi juu ya vipuri na mkono pamoja: 8.25 ya 3,770, yaani dola 311.03. Nimerudi leo asubuhi, nikauliza kwa upole. Yule dada wa mezani akaangalia, akaita mtu, wakarekebisha: kodi ya vipuri peke yake, 119.63. Dola 191.40 zimerudi kwangu kwa kusoma barua yako nikiwa kwenye maegesho.

Boliti za ekzosi: wameandika kwamba mbili za kwanza zikikatika ziko ndani ya bei, kuanzia ya tatu wananipigia simu kabla ya kugusa. Dhamana miezi 12, kipuri na mkono. Kamshafti tumekubaliana ndogo ya kuvutia mzigo, toki-konveta inabaki. Kijana alikunja uso kidogo. Nadhani alitaka kuisikia inanguruma. Mama Mapacha yeye ameuliza swali moja tu, kama itakunywa mafuta zaidi kwa kuwa silinda hazitalala tena. Nimemwambia kidogo. Hajanijibu mpaka sasa.

Inaingia Jumatatu, wanasema itatoka Alhamisi au Ijumaa ya wiki ile. Sasa nina shida nyingine: Jumamosi hii kabla ya hapo siwezi kuivutisha mzigo tena, fundi amenikataza, na kuna familia ya Kamalondo nimeahidi kuihamisha kutoka Fort Worth kwenda Abilene. Nani kati yenu wa Texas ana pikapu yenye ndoano ya trela ya inchi mbili? Trela ninayo, mafuta nalipa mimi.