Nyanya za kitalu nyumba zinaoza kitako, Usa River: ni maji au mbolea?

mche_mpya

Wakuu, habari za majukumu. Kitalu nyumba ni cha mita 8 kwa 30, Usa River mkoani Arusha. Nyanya ndefu, matuta 5 yenye mistari miwili miwili, nafasi sentimita 45, jumla miche 620. Leo ni wiki ya 11 tangu kuhamisha.

Kichala cha kwanza kilitoka safi. Kuanzia cha pili hadi cha nne, karibu tunda moja kati ya matatu lina doa la kahawia kitakoni, baadaye linakuwa jeusi, limebonyea, gumu kama soli ya kandambili. Majani machanga yamekuwa ya njano huku mishipa imebaki kijani. Juu ya udongo kuna unga mweupe, hasa ukingoni mwa matuta.

Maji ni ya kisima. Maabara imeandika: pH 8.4, bikaboneti (chumvi inayopandisha pH) miligramu 366 kwa lita, sodiamu 138, kalsiamu 12, floraidi 4.2. Namwagilia mara moja tu asubuhi, simtanki la lita 1,000. Tangu maua yaanze natia busta ya potasiamu kila wiki, na kalsiamu naitreti kilo 1 humo humo kwenye tanki. Sasa kama kalsiamu naitia, mbona kitako bado kinaoza? Halafu kuna miche 9 karibu na mlango imenyauka ikiwa kijani kabisa. Naombeni msaada.

Kilima_Hoho

Hiyo ni upungufu wa kalsiamu tu mkuu. Mwaga chokaa, konzi moja kila shina, utaniambia.

fundi_matone

Chokaa hapana jamani. Chokaa ni dawa ya udongo wenye tindikali, na hapa pH ya maji ni 8.4, imeshavuka 7 ya katikati. Yale majani machanga ya njano yenye mishipa ya kijani yanaonyesha chuma kimefungwa kwa sababu pH ya udongo imeshapanda. Ukiongeza chokaa unakaza fundo lile lile.

Turudi kwenye karatasi ya maabara. Floraidi yenyewe, hii inayotia meno rangi kwetu huku chini ya Meru, siyo inayoozesha kitako, ila inakupa dalili ya maji uliyonayo. Kalsiamu na floraidi zikiwa nyingi pamoja hushikana na kutuama, kwa hiyo floraidi inabaki juu pale ambapo kalsiamu ni haba. Na kweli, una 12 tu ya kalsiamu na 138 ya sodiamu. Huo unga mweupe ni magadi.

Sasa jibu la swali lako. Ukitia kalsiamu naitreti kwenye maji yenye bikaboneti nyingi hivyo, sehemu kubwa ya kalsiamu inageuka chokaa ndani ya tanki na ndani ya mipira ya matone. Mmea hauipati. Fungua mwisho wa mpira mmoja, kamulia maji kwenye ndoo nyeupe: ukiona chengachenga za rangi ya maziwa zinazotoa povu ukizidondoshea siki, ndiyo kalsiamu yako uliyoinunua kwa pesa.

Kwa hiyo ua bikaboneti kwanza, kisha ndipo utie kalsiamu. Gawanya 366 kwa 61, unapata meq 6 kwa lita (meq ni kipimo ambacho moja ya tindikali inaua moja ya bikaboneti). Acha 1 ibaki, ondoa 5. Tindikali ya nitriki ya asilimia 60 inahitaji takriban mililita 76 kwa lita 1,000 kwa kila meq moja, hivyo kwa tanki lako ni kama mililita 380. Usiimimine yote kwa kuamini hesabu yangu. Pima kwanza kwenye ndoo ya lita 20 ukitumia bomba la sindano: mililita 1, koroga, subiri, pima pH, ongeza kidogo kidogo mpaka ifike 6.0 hadi 6.5. Ulichotumia zidisha mara 50. Nunua kwa muuzaji aliyesajiliwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, vaa miwani na glavu za mpira, na siku zote tindikali ndiyo inayoingia kwenye maji, kamwe usimimine maji kwenye tindikali.

Baada ya hapo gramu 500 za kalsiamu naitreti kwa lita 1,000 zinatosha, siyo kilo. Tindikali imeshakuletea naitrojeni yake, kama miligramu 70 kwa lita, na naitrojeni ikizidi utapata msitu wa majani yanayonyang'anya matunda maji. Busta ya potasiamu isimamishe kwa wiki mbili, maana potasiamu na sodiamu zinagombea mlango mmoja na kalsiamu kwenye mzizi. Ukiirudisha, itie siku yake peke yake. Mbolea yoyote yenye salfeti au fosfeti usiikoroge ndoo moja na kalsiamu naitreti, zinagandana.

Tindikali haiondoi sodiamu. Hiyo inaondolewa na jasi na maji ya mvua. Jasi ya unga, inayochimbwa Makanya kule Same, nusu kilo kwa mita ya mraba ya tuta. Matuta yako ni kama mita za mraba 140, basi kilo 70. Siyo ile ya kupambia dari, hiyo ukiilowesha inaganda. Ichanganye juu juu, kisha mwagilia kwa wingi kuliko kawaida mara mbili tatu ili sodiamu ishuke chini ya mizizi. Na paa lako lenyewe ni kisima: mita za mraba 240, mvua ya milimita 20 ni lita 4,800, toa zinazopotea ubaki na 4,000. Weka mifereji kabla ya masika. Ukichanganya nusu kwa nusu na kisima, bikaboneti inashuka hadi 183 na tindikali unatumia chini ya nusu.

Mama_Vichala

Nakazia maelezo ya fundi, ila kuna kitu amekiruka. Hata maji yangekuwa mazuri, kumwagilia mara moja kunatosha kuozesha kitako. Kalsiamu inasafiri na maji tu, na majani ndiyo yanayovuta kwa nguvu. Saa 7 mchana udongo ukikauka, tunda changa linakosa kabisa. Doa unaloliona leo lilianza tunda likiwa dogo kama gololi, kwa hiyo usitegemee kupona: lichume, litupe, angalia vichala vipya.

Nyanya yenye matunda siku ya jua kali inataka lita 1.5 hadi 2. Miche 620 mara 2 ni lita 1,240, tanki lako halifiki. Jaza mara mbili, gawanya maji: saa 2 asubuhi, saa 5, saa 8 mchana. Baada ya saa 10 jioni acha, usije ukalaza unyevunyevu na kuamsha ukungu.

Halafu fanya jaribio la makopo. Weka makopo sita chini ya matone, matatu mwanzo wa mstari na matatu mwisho, dakika 15, linganisha. Tanki likiwa juu mita 2 presha ni ndogo sana, na matundu yenye chokaa yanazidisha tofauti. Mwisho ukipata pungufu ya zaidi ya asilimia 15, fungua ncha zote na usafishe mpira mmoja mmoja.

Shambani_Moshi

Swali kwa mleta mada: paa lina tundu la juu la kutolea joto? Huku Moshi mjini, chini kuliko Arusha, Januari na Februari ndani ya plastiki bila tundu la juu unapita nyuzi 35, chavua inakufa na maua yanadondoka. Usa River siyo mbaya hivyo, lakini neti ikijaa vumbi haipitishi hewa. Ioshe kwa maji, kazi ya nusu saa.

Ile miche 9 ni kesi nyingine kabisa, na inanitisha zaidi kuliko vitako. Kata kipande cha shina cha sentimita 10 karibu na ardhi, kining'inize kwenye glasi ya maji safi, ncha iguse maji kidogo tu. Usiitikise. Dakika tano.

mche_mpya

Asanteni sana wakuu. Makopo: mwanzo mililita 310, mwisho 190. Siki imetoa povu kama soda. Glasi: nyuzi nyeupe zimeshuka kama maziwa, mashina matatu kati ya matatu.

Shambani_Moshi

Pole sana. Huo ni mnyauko bakteria, na hauna dawa ya kupuliza, atakayekuuzia anakuibia. Ng'oa leo hii pamoja na udongo wa mizizi, na uingize kwenye mfuko palepale kwenye shimo, usiburuze njiani. Ziba matundu ya matone ya hapo. Toa na mche wa jirani kila upande hata kama umesimama vizuri. Kisu cha kupogolea kichovye kwenye jiki, sehemu moja kwa maji sehemu tisa, kila baada ya shina. Pogoa ukianzia upande wa ndani, malizia mlangoni, maana bakteria wanatembea na maji, jembe na viatu. Beseni la jiki liwekwe mlangoni, libadilishwe kila siku.

Msimu ujao kwenye tuta hilo usirudishe nyanya, hoho, bilinganya, nyanya chungu wala mnavu. Ukitaka nyanya tu, ama miche iliyobebeshwa kwenye shina linalostahimili, ama mifuko ya lita 20 yenye changarawe nyekundu ya volkano na maganda ya mpunga yaliyochomwa, imewekwa juu ya plastiki isiguse udongo.

fundi_matone

Na kwenye mifuko mwagilia mpaka kama sehemu moja ya tano ya maji itoke chini. Kwa kisima hicho, bila hivyo sodiamu itajaa humo ndani ya miezi michache. Hiyo 190 ya mwisho wa mstari irekebishe kwanza kabla hujaanza kutia tindikali kwenye maji ya kumwagilia: loweka mipira ikiwa imejaa maji ya tindikali yenye pH 2 hadi 3 kwa saa moja, miche isipate hayo maji, kisha fungua ncha yatoke yote.