Mrejesho: oda zilizokuwa zikifika tupu kwenye Camel

Wadau, asanteni sana. Niliuliza kwa nini oda za dawa za mifugo kutoka Siaya na Homa Bay zinafika stoo yetu ya Kisumu zikiwa tupu baada ya kupita kwenye `choice` (sehemu inayochagua njia ya ujumbe kwa masharti) ya Apache Camel, programu ya kuunganisha mifumo. Sasa zinafika kamili.

Mwili wa ujumbe ulikuja kama mkondo unaosomeka mara moja tu. `when` (sharti) ya kwanza iliukausha, zilizofuata hazikupata kitu. Tumewasha `streamCaching`, inayohifadhi mkondo ili usomeke tena; kuanzia toleo la 3.17 la Camel huwa imewashwa tayari, ila sisi bado tuko la 2.

Aliyeshauri tusome kaunti mara moja, tuiweke kwenye heda (lebo inayosafiri na ujumbe), kisha kila `when` iulize heda hiyo, ubarikiwe. Njia nzima sasa inasomeka vizuri.

Lakini wekeni `otherwise` (njia ya oda zisizolingana na `when` yoyote), tafadhali! Oda isiyolingana na sharti lolote hailalamiki, inapita kimya. Juzi moja iliandikwa "Homabay", neno moja, na huko mkulima anasubiri dawa ya ng'ombe. Kwa sababu ya `otherwise` iliingia foleni ya pembeni, karani akaiona. Tunahamia namba za kaunti: Siaya 41, Kisumu 42, Homa Bay 43.