Baba hataki tena taarifa ya habari, anasema TV zina mgombea wao. Nimwambieje?

BintiMvita
Wadau hamjambo. Naomba ushauri, jambo hili limeshaingia nyumbani.

Babangu alikuwa mtu wa taarifa ya saa moja usiku tangu nikiwa mdogo. Kampeni za 2022 alikuwa Kenya Kwanza, muungano wa Ruto, akashikilia kwamba vituo vikubwa vilimbeba mpinzani wake, hayati Raila. Mimi nilikuwa upande mwingine, lakini hata mimi niliona: mkutano wa huku unaonyeshwa moja kwa moja hadi watu watawanyike, wa kule unapewa dakika mbili kabla ya michezo. Ruto alipotangazwa kwa 50.49 dhidi ya 48.85, mzee akasema, "TV zilituambia mengine." Akazima.

Sasa habari zake zote ni za makundi ya WhatsApp. Sauti zisizo na mwenyewe, picha za mikutano ya zamani zikiitwa za jana. Na anawasambazia ndugu zake. Uchaguzi wa Agosti 2027 huo unakuja. Naogopa. Nitamwambiaje bila kumvunjia heshima? Na kuna njia ya kujua kweli kituo kinapendelea, au kila mtu anaona anachotaka?

Mzee wa Changamwe
Mwanangu, usianze kwa kumbishia. Sisi wa rika lake tulimwona Kibaki akiapishwa jioni kupitia KBC, kituo cha serikali, Desemba 2007, na siku hiyohiyo serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Mtu aliyeyaona hayo humwambii TV haina upande. Mkubalie kwanza.

Mkongwe wa Habari
Nimefanya kazi chumba cha habari, kituo sitakitaja. Wapo wenye vituo wanaosema hadharani wanamuunga mkono nani, hilo si siri. Lakini upendeleo mwingi niliouona haukuja kwa amri. Mgombea mwenye helikopta anazuru kaunti tatu kwa siku, na watu wake wanatuletea picha safi, zimeshahaririwa, saa kumi jioni. Mwenzake picha zake zinafika saa mbili usiku, taarifa ya saa moja imeshapita. Mhariri anatumia alichonacho mkononi. Mtazamaji nyumbani anaona mmoja ana umati na mwingine hana.

Kupima kunawezekana. Keti na mzee, tazameni vituo viwili kwa wiki kadhaa, kwa sababu usiku mmoja hausemi kitu. Huenda mgombea alikuwa amepumzika. Hesabuni dakika kwa simu, ila msiishie hapo. Nani anasikika kwa sauti yake mwenyewe, na nani anasimuliwa na mwandishi? Nani anashutumiwa bila kuulizwa ajibu? Umati umepigwa picha kutoka juu, au kamera imebana watu wa mbele tu?

Na wahesabuni wadogo pia. 2022 wagombea walikuwa wanne. Kwenye mdahalo wa Julai 26, waandaaji waliwagawa kwa kura za maoni, Wajackoyah akaondoka kwa sababu hakutaka kutenganishwa na Ruto na Raila, Mwaure akabaki kuhojiwa peke yake. Mashabiki wa Ruto na wa Raila waligombania dakika zao, na Wajackoyah na Mwaure karibu hakuna aliyewatetea. Hilo linaniuma mpaka leo.

Kwale Mjini
Mimi natofautiana kidogo. Mdahalo huohuo Ruto alipata dakika 90 peke yake kwa sababu Raila alikataa kwenda. 2017 Raila ndiye aliyesimama peke yake, Uhuru hakutokea. Kabla ya kulaumu kituo, uliza kama mgombea alialikwa akakataa.

Karani wa Kura
Hilo la "TV zilituambia mengine" lina maelezo, na ndilo ningeanza nalo. IEBC, tume ya uchaguzi, iliweka fomu 34A, yaani fomu za matokeo, za vituo vya kura zaidi ya 46,000 kwenye tovuti yake, na kila televisheni ikajumlisha kivyake. Huyu kaanza na kaunti hizi, yule zile, ndiyo maana saa ileile kila skrini ilikuwa na hesabu yake. 2027 mpeleke mzee kwenye kituo chake cha kura, kura zikishahesabiwa. Nakala ya 34A hubandikwa hapo nje. Aisome kwa macho yake, kisha ailinganishe na ya tovuti.

Mkiona upendeleo wa wazi, andikeni tarehe, saa na jina la kipindi, kisha yapelekeni kwa Tume ya Malalamiko ya Baraza la Vyombo vya Habari. KBC ina mzigo zaidi: kifungu cha 34 cha Katiba kinataka chombo cha serikali kisiegemee upande na kitoe nafasi kwa maoni yanayopingana.

BintiMvita
Ahsanteni sana, hilo la 34A nitamweleza leo. Na hizo sauti anazosambaza?

Mzee wa Changamwe
Usimsahihishe kwenye kundi mbele ya ndugu zake, hapo hatakusikia kamwe. Mpigie, umuulize kwa upole nani alimtumia na ilirekodiwa wapi. Akikosa jibu, mwombe aifute yeye mwenyewe.