Tupeane uzoefu: hitilafu ya programu dhibiti (firmware, programu iliyomo ndani ya chipu za mashine) isimamishe toleo, au toleo litoke na sasisho lifuate?

MzeeWaSeva
Wakuu, toleo jipya la Linux likikaribia, swali hili halikosi. Kila kitu kimeiva, halafu siku tatu kabla inakuja taarifa kwamba mashine fulani zinaharibika BIOS (programu dhibiti inayoiwasha mashine). Mnakata shauri vipi? Leteni kesi zenye tarehe na sababu.

Keneli_Mbichi
Hapo nimekumbuka Ubuntu 17.10. Ilitoka 19 Oktoba 2017 na keneli (kiini cha mfumo) 4.13, draiva ya intel-spi ikiwa imewashwa. Draiva hiyo inagusa chipu yenyewe ya BIOS. Kwenye baadhi ya laptopu, hasa za Lenovo, chipu ilibaki imefungwa haiandikiki: unabadilisha mpangilio, unahifadhi, ukiwasha tena uko vilevile. Kuwasha kwa flashi nako kunagoma, kwa hiyo hata kuweka mfumo mwingine huwezi. Ukifuta Ubuntu hujasaidika, maana kidonda kiko kwenye chipu, si kwenye diski. Desemba wakaondoa ISO (faili la kusakinishia mfumo) kwenye ukurasa wa kupakua, na 17.10.1 ikatoka 12 Januari 2018 draiva ikiwa imezimwa. Waliokwama walipewa keneli 4.14.9 iliyorekebishwa: unaiweka, unawasha mashine nayo, kisha unawasha upya na kuingia BIOS kuhifadhi mpangilio.

Chuma_Chakavu
Naunga mkono. Hiyo inasimamisha toleo bila mjadala.

Bandari_64
Mjadala upo, tena mkubwa. Tenganisheni kwanza hitilafu inakaa wapi. Ikiwa ni faili la mtengenezaji lililoko LVFS (ghala la mtandaoni la programu dhibiti kwa Linux), linaondolewa huko au linarudishwa ngazi ya majaribio, na mtu akiendesha `fwupdmgr refresh` halioni tena. Hapo toleo halina kosa, liacheni litoke. Ikiwa hitilafu iko ndani ya fwupd (programu inayosasisha programu dhibiti) au keneli iliyomo kwenye ISO, ni habari nyingine. ISO ikishatoka hairudi. Itakaa kwenye flashi za watu miaka, na atakayeiwasha leo hatakuwa na sasisho lolote mpaka aunganishe intaneti.

Chuma_Chakavu
Na faili bovu likishashuka kwenye mashine za watu kabla halijaondolewa?

Bandari_64
Hao wameumia, lakini kuchelewesha toleo hakuwaponyi. Wenye toleo la zamani nao wanachota LVFS ileile.

Toleo_Kwa_Wakati
Mnapenda sana kusimamisha. Fedora 37 ilisogezwa hadi 15 Novemba 2022 kwa sababu ya hitilafu ya OpenSSL (maktaba ya usimbaji wa mawasiliano) iliyotangazwa kuwa hatari ya daraja la juu kabisa. Tarehe 1 Novemba undani ulipotoka, ikashushwa daraja.

Keneli_Mbichi
Waliamua kwa walichokijua siku ile. Tena OpenSSL inatibika kwa sasisho la kawaida, wewe unailinganisha na chipu isiyoandikika?

Toleo_Kwa_Wakati
Kama inatibika kwa sasisho, walisubiri nini?

Bandari_64
Soma nilichoandika juu kuhusu ISO.

Nusu_Volti
Nyote mmesahau kisa cha e1000e (draiva ya kadi za mtandao za Intel) cha mwaka 2008, na ndiyo inayotisha kuliko zote. Keneli 2.6.27 ikiwa bado ya majaribio, kadi za mtandao za Intel zilianza kufa: NVM (kumbukumbu ya kudumu ya kadi) inaandikwa takataka, kadi haitambuliki tena. Kila mtu aliishika draiva ya e1000e. Wakaanza kwa kufunga NVM isiandikike, wakati chanzo hakijulikani. Mhalifu kumbe alikuwa ftrace, chombo cha keneli cha kufuatilia utendaji wake. Ilikuwa inarekebisha maelekezo kwenye kumbukumbu ya moduli iliyokwisha kuachiwa, na eneo lilelile lilikuwa limeshakabidhiwa NVM ya kadi. 2.6.27 ikatoka 9 Oktoba ikiwa na kufuli hilo, na 2.6.27.1 ikazima ftrace ya aina hiyo. Kwa hiyo si lazima ujue chanzo ndipo utoe toleo. Lazima uwe umefunga mlango wa kuandikia. Mwenye kadi za namna hiyo anayejaribu keneli mbichi ahifadhi kwanza matokeo ya `ethtool -e eth0`, yaani nakala ya NVM.

Chuma_Chakavu
Aisee, ftrace! Wangeendelea kuilaumu draiva hadi leo.

FundiBodi
Kipimo changu ni kimoja: je, mwenye mashine atahitaji klipu, ile ya kubana chipu ya BIOS ili isomwe na kuandikwa kutoka nje? Maana wengi hawajui kazi yake. Toa chaja, betri na betri ya CMOS. Bana klipu ya SOIC8 (ya chipu yenye miguu minane) juu ya chipu, tumia CH341A (kifaa cha USB cha kusoma na kuandika chipu), soma mara mbili: `flashrom -p ch341a_spi -r a.bin`, kisha b.bin. Linganisha kwa `sha256sum`. Zikitofautiana klipu haijakaa, usiandike kitu. Kama chipu imefungwa, flashrom mpya zina `--wp-status` na `--wp-disable`. Usichukue BIOS ya mashine nyingine ukaibandika nzima, utapoteza namba ya bodi na UUID (kitambulisho cha pekee cha mashine). Toleo linaloweza kumfikisha mtu hapa lisitoke.

Toleo_Kwa_Wakati
Hapo nakubali. Ila sasisho likigoma tu kwa sababu kizigeu cha EFI (sehemu ya diski ya kuwashia mashine) kimejaa, liandikwe kwenye maelezo ya toleo, tuendelee.

Nusu_Volti
FundiBodi, waonye kuhusu volti.

FundiBodi
Kweli. Soma maandishi ya chipu: W25Q64FV ni volti 3.3, W25Q64FW ni 1.8 na inahitaji adapta yake. Na CH341A nyeusi nyingi hupeleka volti 5 kwenye nyaya za data hata ukiiweka 3.3. Pima kwa mita kabla hujabana.