TP (kazi ya vitendo) ya historia: mwanahistoria gani yuko sahihi juu ya uhuru wa Marekani?

Mwana-Kadutu
Wakubwa, jambo. Tuna TP ya kurasa 8 juu ya tafsiri za vita vya uhuru vya Marekani. Mwandishi mmoja anasema walipigania haki, mwingine kodi, mwingine matajiri waligombana. Nimfuate nani? Na naweza kulinganisha na uhuru wetu wa Kongo wa 1960?

Yaya wa Ibanda
Mdogo wangu, usimfuate mmoja. Shika tukio moja, uiulize juu yake kila shule, yaani kila kundi la wanahistoria wenye mtazamo mmoja. Chai iliyotupwa bandarini Boston inafaa kwa sababu ina fumbo: Sheria ya Chai ya 1773 ilishusha bei. Kampuni ya India Mashariki iliruhusiwa kupeleka chai yake moja kwa moja makoloni, ila ushuru wa peni 3 kwa ratili ukabaki. Mbona basi makasha 342 yalitupwa majini tarehe 16 Desemba?

Mwanahistoria Bancroft, wa karne ya 19, atajibu kwamba watu walilinda uhuru, na historia yote ilielekea huko. Andrews na Beer wanatazama mambo kutoka London: vita vilivyoisha 1763 viliacha deni zito, na dola ya Uingereza ilitafuta pesa. Schlesinger baba, 1918, anauliza nani alipata hasara: waliouza chai ya magendo kutoka Uholanzi, na wafanyabiashara ambao hawakuteuliwa kuwa mawakala. Bailyn, 1967, alisoma vijitabu vya siku zile akakuta hofu ya kweli: chai rahisi ni chambo, ukiinywa umekubali kutozwa na Bunge usilo na mbunge ndani yake.

Kwangu Bailyn ndiye anayeieleza vizuri hasira ile. Lakini vijitabu viliandikwa na wasomi. Mabaharia na mafundi wa bandarini utawapata kwa Nash, 1979.

Gawa hivi: ukurasa 1 wa tukio, 5 za shule, 2 za hukumu yako.

Msomaji wa Nyawera
Naongeza kosa linaloharibu kazi nyingi: kumweka mwanahistoria Beard kwenye vita vya uhuru. Kitabu chake cha 1913 kinahusu Katiba ya Marekani ya 1787. Hoja kwamba waligombania pia nani atawale nyumbani ni ya Becker, 1909.

Na 1960, hapana. Walioasi kule walikuwa walowezi, wenyeji wakiwa Wahindi Wekundu waliokuwa wakinyang'anywa ardhi. Rhodesia (Zimbabwe ya leo) inakaribia zaidi: walowezi walijitangazia uhuru tarehe 11 Novemba 1965, na tangazo lao liliiga la 1776.

Mwana-Kadutu
Asanteni sana. Nachukua chai. Na watumwa niwaweke wapi?

Yaya wa Ibanda
Kwenye kurasa 2 za mwisho. Novemba 1775 Dunmore, gavana wa Virginia, aliahidi uhuru kwa watumwa wa waasi watakaoshika silaha upande wa mfalme. Ukianzia hapo, "uhuru" wa Bancroft unabadilika maana, na chai peke yake haikuonyeshi hilo.